Usimpime kwa Nasaha Zake

Kosa letu la kwanza limo katika jina. Huduma hii tumeiita ushauri nasaha, na maneno hayo mawili yanasema jambo lilelile mara mbili: ushauri ni kumpa mtu rai, nasaha ni kumpa mtu mawaidha. Basi anayebisha mlango wa mtaalamu huwa ameshajiandaa kupokea. Anaketi kama mwari mbele ya kungwi, anainamisha kichwa, anangoja kuambiwa. Akitoka bila kuambiwa la kufanya, husema pesa yake imeliwa. Akimpata aliyemmwagia maneno saa nzima, hurudi nyumbani akimsifu: yule kasoma!

Mimi nimekuja kuamini kinyume chake. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo hupimwa kwa maswali anayouliza na kwa namna anavyostahimili kimya. Nasema hivi kwa sababu viti vyake nimevikalia: peke yangu, pamoja na familia ya dada yangu, na katika kikundi cha wafiwa. Kiti cha wanandoa sijakikalia, ila nimewasikiliza wengi walioketi hapo, na wataalamu wenyewe nimewahoji, Tanga nilikozaliwa na Mombasa ninakoishi. Anayejua kanzu huigeuza ndani nje atazame mishono. Tiba hii nayo ina upande wake wa ndani.

Mwaka aliofariki mama nilikwenda kwa wataalamu wawili. Wa kwanza, ambaye sitamtaja wala mji wake, alinisikiliza dakika kumi kisha akaniambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Sina ugomvi na maneno hayo. Ila nilikuwa nimeshayasikia kutoka kwa kila aliyeingia msibani, tena bure. Simu yake ililia mara mbili, na mara ya pili akaipokea.

Wa pili alikuwa binti mdogo kuliko kitindamimba wetu. Aliniamkia shikamoo, akanionyesha kiti, tukamaliza mambo ya karatasi, kisha akauliza: "Matanga yalipoanuliwa na wageni wakaondoka, nyumba ilikuwaje?" Nikajibu: kimya. Naye akanyamaza, wala hakunisaidia. Baada ya kitambo nikajisikia naanza kumweleza habari za mbuzi ya kukunia nazi ya mama, jinsi ilivyobaki imeegemea ukuta wa jikoni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuikalia. Niliendelea mpaka muda ukaisha. Kwa saa nzima sidhani kama alisema sentensi kumi.

Litazame lile swali kwa makini. Linataja wakati na mahali, halinilazimishi kulia wala kujikaza, na halikubali jibu la ndiyo au hapana. Swali baya huja na jibu lake mfukoni: "Ulihuzunika sana, siyo?" Mtu atasema ndiyo, na mazungumzo yamekufa. Swali la fundi hukurudisha ndani ya nyumba yako mwenyewe, ukaone ulichokipita haraka. Kile kimya kilichofuata nacho kilikuwa kazi. Asiyefuzu hukiogopa kimya, hukijaza hadithi za maisha yake, aya za kitabu kitakatifu au methali. Ukigundua baada ya vikao vitatu kwamba unajua habari za watoto wake kuliko yeye anavyojua za wako, mwage.

Na ile shikamoo si jambo dogo. Hapa kwetu mara nyingi mtaalamu ni kijana na mteja ni mtu mzima, na adabu inamtaka kijana asimhoji mzee mambo ya chumbani wala ya ulevi. Nimewaona wanaokwama hapo: ama wanaipa adabu kisogo na kumwita mama wa miaka sitini kwa jina lake tupu, ama wanazidiwa na adabu wakaishia kumwitikia "ndiyo mama, ni kweli mama" hadi kikao kinakwisha. Anayeijua kazi hufanya yote mawili. Humwamkia mzee inavyostahili, halafu huomba ruhusa: "Mama, nitakuuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi mzazi wake. Ukiona nimevuka mpaka, nizuie." Baada ya hapo huuliza kweli.

Kisha ipo lugha. Jiulize unaumwa kwa lugha gani. Katika miji yetu tiba nyingi huanza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichotumika kuwafundishia wataalamu, na mteja aliyesoma hujikuta akieleza kilio chake kwa lugha ya ofisini. Mtaalamu mzuri ataligundua hilo, aulize, "Nyumbani ungelisemaje?" Hapo hutoka maneno yenye nyama: roho imenichoka, kifua kimebana, moyo unaenda mbio, nina mawazo mengi. Asiyefuzu hudaka neno hilo na kulibandika jina la kitabuni papo hapo, kwamba mawazo mengi ni sonona. Huenda ikawa kweli. Lakini yapo mawazo mengi ya deni, yapo ya kumpoteza mtu, yapo ya kutolala kwa sababu ya mume, na dawa zake hazifanani.

Wazimbabwe wana neno kama letu, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanza kuwafundisha bibi wa Harare mwaka 2006 ili wawasikilize watu kwenye benchi nje ya kliniki, alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia kwa jina hilo hatakuja mtu. Likaitwa benchi la urafiki, watu wakaja, na wazo hilo leo limefika hadi Zanzibar. Bibi walijua thamani ya jina.

Karatasi nazo zitazame, bila kukawia hapo. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka wasajiliwe na wapewe leseni, kwa hiyo kuuliza nambari ya usajili si utovu wa adabu. Uliza pia kama anaandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa, kazi hiyo ni ya daktari wa magonjwa ya akili, na mtaalamu safi hujua lini akupeleke kwake. Ila swali linalonipa habari kuliko cheti chochote ukutani ni hili: "Kesi ikikuelemea, unaipeleka kwa nani?" Katika kazi hii hata mkongwe huwa na msimamizi anayemweleza kazi yake bila kutaja majina. Anayejibu upesi, kwamba ana mtu wanayekutana kila baada ya wiki kadhaa, mpe alama. Anayecheka na kusema yeye hazimwelemei, chukua mkoba wako.

Kikao cha kwanza cha mtu mmoja huwa kati ya dakika 45 na saa nzima, na wengi hufuata desturi ya dakika 50. Usitegemee faraja siku hiyo. Tegemea maelezo ya siri na mipaka yake: kwamba usemayo hayatoki nje, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Anayeahidi siri isiyo na mpaka wowote ama hajui kazi ama anakudanganya. Tegemea pia kuulizwa unataka nini kibadilike. Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano wa kazi kati ya mtaalamu na mteja husimama juu ya mambo matatu: kukubaliana mnakwenda wapi, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuaminiana njiani. Wengi wetu hutazama hilo la tatu peke yake. Tunasema, "Ni mtu mzuri, ananielewa," na miezi inapita. Baada ya kikao cha tatu au cha nne jaribu kueleza kwa sentensi moja mnachokifanyia kazi. Ikikushinda, mwambie akusaidie kuieleza, na ikimshinda hata yeye, unalipia maongezi.

Muda hutegemea aina. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa vikao vitano tu kwa watu walioelemewa na shida, unaoweza kuendeshwa na asiye mtaalamu aliyefunzwa vizuri. Tiba inayochunguza fikra na matendo mara nyingi huenda wiki 12 hadi 20, na huja na kazi za kufanya nyumbani. Nyingine huchukua miaka. Kwa vyovyote, anayejiamini hupima. Lipo dodoso la maswali tisa la sonona, lenye tafsiri ya Kiswahili, linalojazwa kwa dakika chache. Akikupa mwanzoni na akakurudishia baada ya wiki kadhaa mkalinganisha pamoja, anakubali kukamatwa akiwa hajakusaidia, na huo ndio uungwana wa kazi hii.

Mtihani wangu mkubwa nauweka hapa. Mwambie kitu alichokosea. Siku moja nilimwambia yule binti kwamba wiki iliyopita alitazama saa nilipokuwa namtaja mama, na iliniuma. Hakujitetea. Hakusema saa iko mbele yake tu. Alisema, "Ni kweli nilitazama. Wewe ulichukuliaje?" Tukatumia nusu ya kikao kwa jambo hilo, na humo tukafika kwa baba, ambaye nilikuwa sijamtaja hata mara moja. Mtaalamu atakosea, hilo halina shaka. Tazama anavyolipokea kosa likirudishwa mezani.

Kwa wanandoa mizani hubadilika. Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na wengi huingia katika tiba wakidhani ni baraza jingine lenye viti laini. Kila mmoja anakuja na ushahidi wake kwenye simu. Baraza huuliza nani kakosa. Mtaalamu huuliza ugomvi wenu huanzaje, unapandaje, nani hunyamaza kwanza, na huishia wapi. Mteja wake si mume wala mke, ni kile kilicho kati yao. Basi ukitoka humo ukiwa umeshinda, jihadhari: umemlipa wakili. Rafiki yangu mmoja alimsifu sana mtaalamu wao kwa kumwambia mumewe ukweli. Mume hakurudi tena.

Dakika nzuri za kumpima ni zile dharau inapoingia chumbani. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi huko Seattle, Marekani, alitaja tabia nne zinazoibomoa ndoa, nazo ni kumlaumu mtu alivyo badala ya alichotenda, dharau, kujitetea, na kujifungia kimya. Iliyo mbaya kuliko zote, alisema, ni dharau. Kwetu dharau ina ufundi wake, nayo si lazima iseme neno: msonyo, kubetua midomo, jicho la pembeni, kijembe kilichofungwa ndani ya methali. Mtaalamu asiyekijua kijembe atakiacha kipite akidhani ni methali. Anayekijua atainua mkono: "Ngoja. Hilo neno limemfikia mwenzio vipi?" Vilevile atajua mtu akipandwa na hasira mpaka moyo ukapita mapigo 100 kwa dakika hasikii tena, basi atasimamisha mazungumzo, watu wapumue, badala ya kuwahubiria.

Kabla ya yote hayo, lazima awe amekutana na kila mmoja peke yake walau mara moja, na awe amewaeleza mapema atafanya nini na siri atakayoambiwa faraghani. Katika mkutano huo wa peke yako anatakiwa akuulize wazi: unamwogopa mwenzio? Anakupiga? Panapokuwa na kipigo au hofu, tiba ya pamoja si mahali pake, kwa maana yanayosemwa mchana hulipiwa usiku. Mtaalamu asiyeuliza swali hilo sitampendekeza kwa mtu, hata awe na jina kubwa namna gani.

Familia ndiko ufundi unakoonekana wazi zaidi, kwa sababu hauko katika maneno peke yake. Mpwa wangu, nikibadili mambo machache ili asijulikane, aliacha kwenda shule akiwa na miaka kumi na minne. Dada na shemeji walimpeleka ili "atengenezwe". Mtaalamu, mama wa makamo, aliwaita wote, hata kitoto cha miaka saba, na swali lake la kwanza halikumhusu kijana. Aliuliza: "Katika nyumba hii, nani asipokuwepo hakuna linaloamuliwa?" Wakatazamana. Wiki iliyofuata nikaitwa mimi, mjomba.

Nikamwona akifanya kazi. Kila alipomuuliza shemeji neno, kijana alikohoa au alitania, na dada akajibu kwa niaba ya mumewe. Ilitokea mara tatu. Hakusema lolote juu yake, alimwomba tu dada wabadilishane viti na kijana, ili wazazi wakae ubavu kwa ubavu na mtoto awe pembeni. Halafu akamwambia shemeji amjibu mkewe, si yeye. Kimya kikawa kirefu. Kijana akakohoa. Mama yule akamgeukia kwa upole: "Mwanangu, hii kazi umeifanya muda mrefu. Leo pumzika." Baadaye sana ndipo kijana alipolisema: akienda shule, nani atakuwa nyumbani wazazi wakianza ugomvi?

Salvador Minuchin, Muargentina aliyejenga jina lake Philadelphia, alikuwa maarufu kwa namna hii ya kuwafanya watu waicheze nyumba yao mbele yake badala ya kuisimulia. Mwenye kuletwa kama mgonjwa mara nyingi ndiye aliyebeba mzigo wa wengine. Kwa hiyo mtaalamu wa familia anayemtenga mtoto "mtukutu" vikao vitano na kuwarudishia wazazi ripoti anafanya kazi ya mtu mmoja kwa bei ya familia. Pia asiwe mgeni wa ukoo wetu. Aliyejifunza kwamba familia ni baba, mama na watoto wawili atamsahau bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu, shangazi anayelipa karo, mke wa pili.

Nabakiwa na kikundi, ambacho watu hukidharau wakidhani ni tiba ya wasio na pesa. Historia inasema vingine. Tangu daktari Joseph Pratt alipowakusanya wagonjwa wa kifua kikuu huko Boston mwaka 1905 imeonekana kwamba kukaa pamoja kuna nguvu yake yenyewe. Na mfano bora uko kwa jirani zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwashughulikia watu wa vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, waliokuwa na hali ambayo kwa Kiganda inaitwa yo'kwekyawa, kujichukia. Vikundi vilikuwa vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyokuwa navyo asilimia 54.7. Ndiyo maana cheti kirefu hakinitishi wala kifupi hakinivunji moyo. Wale viongozi walipewa kazi inayoeleweka, wakasimamiwa, wakaifanya kwa lugha ya watu wao.

Kikundi changu kilikuwa na watu wanane. Kiongozi alikutana na kila mmoja wetu kwanza, na katika mji kama Mombasa, ambapo shemeji wa jirani yako anaweza kuwa kwenye kiti cha pili, hilo si la kupuuza. Alikuwa mkweli kuhusu siri: yeye inambana kwa kazi yake, sisi inatubana kwa ahadi tu, na tukaapishana kwamba la humu libaki humu. Wiki ya kwanza sote tulimwelekezea yeye macho na maneno, kama darasani. Wiki ya tatu mama mmoja alieleza jinsi anavyoipiga nambari ya mumewe marehemu ili asikie kwamba haipatikani. Mzee wa upande wa pili, fundi seremala aliyekuwa hajasema neno, akamwambia, "Hata mimi." Kiongozi hakuongeza kitu. Angetoa maelezo ya kitaalamu pale, angeliua lile neno.

Ukitaka kukipima kikundi, fuata macho ya watu. Wakifika wiki ya nne bado wanamtazama kiongozi peke yake, ni mhadhara. Wakitazamana, kinafanya kazi. Mtazame pia anavyomshika msemaji mkuu, maana kila kikundi kina mmoja anayegeuza kila kilio kuwa hadithi yake. Kiongozi dhaifu humwachia, mkali humwaibisha. Wetu alimwambia, "Bwana, umetupa mengi leo. Hebu tumsikie ambaye hatujamsikia," na bwana akanyamaza bila kuvunjika uso.

Kuondoka nako kuna ubora wake. Jihadhari na anayekuona umepata nafuu kisha akagundua tatizo jipya kila unapotaja kuaga. Yule binti aliitaja siku ya mwisho vikao vinne kabla, tukaihesabu kuelekea huko, na siku yenyewe aliniuliza mambo mawili: nitajuaje kama nimeanza kuzama tena, na siku hiyo nitafanya nini kwanza. Niliyaandika mwenyewe. Akanisindikiza hadi ngazini, akaniamkia tena kama siku ya kwanza. Ni miaka mitano sasa. Nambari yake ninayo, na sijaipiga.